Kasha la Chuma Nyuma ya Kiti cha Bwana Sefu

Naanza na ujinga wangu, maana msipousikia kwangu mtausikia kwa Bwana Sefu, na mnamjua alivyo na mkono mzito wa chumvi. Tulipofika Idete, mzee mmoja aliyekaa chini akitengeneza mgono wake wa kuvulia samaki alinyoosha kidole kwenye gari letu akaniuliza swali ambalo hata mtoto angelijibu: "Humo mna nini?" Nami, baada ya masomo yote niliyosomeshwa kule Tabora, nikakunja uso, nikajibu: "Hiyo ni siri ya serikali."

Hakuna serikali iliyonituma. Wala siri haikuwapo. Lakini maneno yale yalitutangulia kila tulikokwenda, kama mbwa anayejua njia kuliko mwenye nyumba.

Sasa kila jioni mnakuja barazani kwangu mmoja mmoja kuuliza kwa nini mkono wangu wa kulia hauwezi kuinua hata kikombe. Nimechoka kueleza vipande vipande. Naandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitampa karatasi asome, mimi niendelee kulala.

Kuondoka Ifakara

Mnajua mimi si mtu wa safari. Ile ya kwenda shule niliihesabu kuwa imetosha maisha yangu yote, kwenda na kurudi. Nina kitanda changu cha kamba, nina kivuli cha ukuta wangu, na duka la Bwana Sefu ninapofanyia kazi liko umbali wa kutembea bila kuvaa viatu. Lakini karani wake wa safari alishikwa na homa, mpunga ulikuwa umeshavunwa huko juu, na Bwana Sefu akasema nitakwenda mimi. Nikasema sijui kupanda gari. Akasema, "Unapanda kitandani kila siku baada ya chakula cha mchana, gari litakushinda nini?"

Landrova yake mmeiona. Ni ile aliyoinunua kwa mzungu aliyehama, turubai nyuma, na rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe kwa mabaki ya rangi ya milango ya duka. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kasha la chuma limekazwa kwa bolti kwenye sakafu, lina kufuli kubwa kama la ghala. Humo ndimo inamolala bastola. Bwana Sefu alipata kibali chake huko bomani Mahenge baada ya kuvamiwa njiani akienda kununua mpunga. Tangu siku ile kibali anakibeba kama hirizi, na bastola yenyewe anaiogopa kuliko wale waliomvamia.

Kabla ya kutoka alipita kituoni kuaga, kama afanyavyo kila safari. Sajini alitoka na kikombe cha chai, akapiga magoti, akatikisa kasha kwa mikono miwili kuona kama limelegea. Halikulegea. Bwana Sefu akalifungua, sajini akatazama kama bastola haina risasi, likafungwa.

"Risasi ziko wapi?"

Bwana Sefu akapiga mfuko wa koti. Zimo ndani ya kopo la tumbaku.

"Vizuri. Zisikae pamoja na bastola. Ufunguo hukaa wapi?"

Bwana Sefu akavuta kamba shingoni.

"Ukae hapo hapo. Usimpe karani." Hapo akanitazama mimi. "Sikiliza, Bwana Sefu. Bastola ina mahali pawili tu: ndani ya kufuli, au mwilini mwako mwenyewe uliyeandikwa kwenye kibali. Pa tatu hapana. Ukilala, uingie nayo chumbani, isibaki garini. Na kila kijiji mtakachosimama, mwambieni jumbe ajue mna silaha. Yeye peke yake, kwa sauti ya chini. Msitangaze kwa wauza ndizi."

Tulipoingia garini Bwana Sefu akaniambia, "Hiyo ya majumbe ni kazi yako. Wewe ndiye unayejua kusema na wakubwa."

Nikaona fahari. Mngeona fahari hata ninyi.

Ifakara hadi Idete

Tulitoka asubuhi, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya bonde kama maziwa yaliyomwagwa polepole. Sikuona barabara. Niliona vichwa vya watu wakielea upande wa kushoto, kila kichwa na mzigo wake, miguu hakuna. Madungu ya kulindia mpunga yalisimama katika ule weupe kama ndege warefu waliosahau kuruka. Upande wa kulia milima ya Udzungwa ilikuja na kupotea, buluu, kisha hakuna, kisha buluu tena, na juu kabisa uzi mweupe wa maporomoko ya maji ulining'inia bila sauti. Mara sheshe watatu, wale swala wa bondeni, walivuka mbele yetu wakinyanyua miguu taratibu. Bwana Sefu alizima gari kuwapisha. Ule ukimya ulipoingia nilidhani nimelala.

"Karani, umelala?"

"Hapana, nafikiri."

"Unafikiri kwa kukoroma."

Idete tulisimama ili injini ipoe. Bwana Sefu akaenda kutafuta maji. Nami nikashuka nikanyoosha suruali, nikatafuta kwa macho mtu anayefanana na jumbe, kwa maana ya mtu mwenye kanzu safi na kiti. Hakuwapo. Alikuwapo yule mzee na mgono wake, magoti yamejaa matope, na karibu yake wanawake wawili wanaochambua dagaa. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akatazama chini ya turubai, akauliza lile swali. Nikampa lile jibu.

Aliacha kusuka. Wanawake nao waliacha. Mmoja alimvuta mwanawe karibu kwa mguu, kama mtu anayevuta kikapu.

Niliporudi garini Bwana Sefu akauliza, "Umemwambia jumbe?"

"Sikumwona."

Niliona haya kuuliza yuko wapi. Basi. Ndivyo ilivyokuwa.

Mto Ruipa na Mbingu

Ruipa ulikuwa bado umejaa maji ya masika. Daraja la magogo lilikuwa limelegea, tukakaa upande huu nusu ya siku tukisubiri watu wa barabara waje kukaza. Sikuona uchungu. Maji yalipita na vipande vya anga ndani yake, na kila nilipofumba macho nilikuwa kwangu, nilipofumbua nilikuwa Ruipa, na tofauti haikuwa kubwa. Bwana Sefu aliswali, akala tende, akaniambia habari ya mji wa Pangani alikozaliwa babake, ambako yeye mwenyewe hajafika.

Watu wenye baiskeli walivuka kwa kubeba baiskeli mabegani. Walitupita wakitutazama kwa pembeni. Sikujua kuwa wanabeba na maneno yangu.

Mbingu tuliingia na njaa. Kulikuwa na mama anakaanga kambale kando ya njia, harufu yake nainusa hata sasa. Nikashuka na kikapu.

"Shikamoo, mama. Tuuzie samaki."

"Wamekwisha."

Walikuwa mbele yake, wamelala kwenye majani ya mgomba, wekundu wa kuiva.

"Na hawa?"

"Hawa pia wamekwisha."

Nyumba ya pili mlango ulifungwa nilipokuwa bado njiani. Nyumba ya tatu nilisikia mtu anavuta kinu mpaka mlangoni. Tulikula ndizi mbichi tulizochoma wenyewe, tukalala katika banda la mpunga. Bwana Sefu aliingia na bastola ndani ya shuka kama sajini alivyoagiza, akaiweka chini ya kichwa, na asubuhi shingo yake ilikuwa imekakamaa kama mpini.

"Watu wa Mbingu wamebadilika," alisema. "Mwaka jana walinikataza nisiondoke kabla sijala mara mbili."

Nikasema pengine ni mavuno mabaya. Mashamba yalikuwa yamejaa mafungu ya mpunga kama nywele za mtu aliyechanwa vizuri.

Mngeta, Chita, Mlimba

Sitawachosha. Mngeta hakuna aliyeleta mpunga. Chita hakuna. Tulipopita, njia ilikuwa tupu na moto jikoni unawaka, kijiji cha ndotoni, chungu kinachemka na mpishi hayupo. Nilianza kuona kuwa ni mimi niliyekufa bila kuambiwa.

Mlimba ndiko tulikoambiwa. Kuna fundi cherehani wa huko, mwenyeji wa pwani, rafiki wa Bwana Sefu. Alitukaribisha kwa kahawa lakini akakaa karibu na mlango.

"Sefu, ndugu yangu," akasema, "mimi na wewe tumetoka mbali. Niambie kweli. Chupa ni ngapi?"

"Chupa gani?"

"Za damu."

Mnajua wenyewe habari za mumiani: gari linapita, sanduku limefungwa, watu wananyonywa, damu inapelekwa kusikojulikana. Na gari lenyewe hupenda kuwa jekundu. Bwana Sefu aliweka kikombe chini polepole mno.

"Nani kasema?"

"Jumbe wa Idete. Anasema alimuuliza karani wako kwa mdomo wake, akaambiwa ni siri ya serikali. Alikuwa amekaa pale na mgono wake, karani akamjibu hivyo hivyo, mtu mzima."

Bwana Sefu akageuka kunitazama. Sikupata mahali pa kuweka macho, nikayaweka kwenye cherehani.

"Karani," akasema, "nilikutuma umwambie mtu mmoja kwa sauti ya chini. Umemwambia huyo huyo. Bonde zima limesikia. Kasoro ni kwamba umemwambia kitu kingine."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kurudi: Mngeta

Tulirudi na gari tupu. Ukungu tena. Karibu na Mngeta tukaona watu wamesimama katikati ya njia, na safari hii hawakukimbia. Walikuwa na machela ya miti, juu yake msichana aitwaye Melania, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Mkunga alikuwa ameshasema neno lake: apelekwe Ifakara hospitalini, upesi. Machela yangefika baada ya siku mbili. Gari hakuna lingine, ila letu.

Mume wake, kijana mrefu, alitaka kumpakia mara moja. Aliyemzuia ni mama yake Melania, bibi mfupi mwenye khanga imefungwa kifuani kwa fundo la vita.

"Hapana. Humo hapandi."

"Mama, atakufa!"

"Afe hapa nimwone, asinyonywe njiani nisimwone." Akanigeukia. "Wewe ndiye wa siri ya serikali?"

"Ndiyo, bibi."

"Ulitumwa useme?"

"Hapana."

"Basi ulijisikia tu."

"Nilijisikia, bibi."

Melania alitoa sauti. Sitaieleza. Ukungu wote ulionekana kutoka katika sauti ile.

"Bibi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyoitaka, "mle mna bastola. Haina risasi. Ni ya Bwana huyu, ana kibali. Nilipaswa kumwambia jumbe wa Idete maneno hayo hayo, nikashindwa."

"Fungua."

Bwana Sefu alivua kamba shingoni, akafungua mwenyewe. Bibi akaingiza kichwa mpaka mabegani. Alinusa. Aligonga chini ya kasha kwa vidole, pande zote, kutafuta chupa zilizofichwa. Akatoa kichwa.

"Kadogo hivi?" akasema. "Kadogo hivi ndiko mlikokafungia kwa kufuli la ghala?"

"Ndivyo sheria inavyotaka, mama," Bwana Sefu akasema, akashika mfuniko afunge.

Bibi akaweka mkono wake juu ya mkono wa Bwana Sefu. "Hapana. Likae wazi. Nilione ndani mpaka Ifakara. Likifungwa, sijui mtatia nini."

"Mama, siwezi. Bastola haiwezi kukaa wazi garini na watu ndani. Nimeahidi kituoni, nina kibali cha bomani."

"Sheria ndiyo inayozaa hapa?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Bwana Sefu angeweza kunyang'anywa kibali, hata kufungwa. Bibi hakuwa na kitu kingine cha kumlinda mwanawe ila macho yake. Nami nilisimama kati yao nikitamani kitanda changu. Ndipo nikakumbuka kikombe cha chai cha sajini, nikasikia sauti yake kama anasema nyuma ya ukungu.

"Mahali pawili," nikasema.

"Nini?"

"Bwana, sajini alisema bastola ina mahali pawili. Ndani ya kufuli, au mwilini mwako. Ichukue wewe. Kasha libaki tupu, likae wazi."

Bwana Sefu akatoa bastola, akaifunga kiunoni kwa kilemba chini ya koti, mbele ya bibi. Kopo la tumbaku lilibaki mfukoni mwa koti. Bibi akatazama kasha tupu. Akafungua furushi la nguo za mtoto, akazipanga ndani: khanga mbili, kitambaa cheupe, kipande cha sabuni.

"Sasa mpakieni," akasema. "Na wewe wa siri, kaa nyuma. Shika mfuniko."

Mngeta hadi Ifakara

Hapa sasa ndipo penye jibu la mkono wangu. Mfuniko ule ni mzito, na kila shimo la barabara liliuangusha kwa kishindo, na kila kishindo kilimshtua Melania na kumwinua bibi. Basi niliushika. Niliushika Mbingu, ambako mama wa kambale alisimama njiani akatutazama tukipita, mimi nimenyanyua mkono kama mtoto wa shule anayejua jibu. Niliushika kwenye magogo ya Ruipa, Bwana Sefu akiendesha gari kwa dua. Mume alimshika mkewe mgongo. Bibi hakunitazama mimi hata mara moja; alitazama ndani ya kasha.

Nami nikatazama huko huko. Si jambo la kawaida kutazama ndani ya kasha la chuma kwa siku nzima. Mwanga ulipita kwenye matundu ya turubai ukatembea juu ya zile khanga kama samaki wadogo. Harufu ya mafuta ya bastola ilichanganyika na sabuni. Pumzi za Melania zilikuja na kuondoka, na bonde lote, mpunga, milima, ule uzi wa maji, vilipumua naye. Na mara moja nilifikiri nikiuachia mfuniko huu vyote vitazimika. Sikuuachia. Mkono ulikufa ganzi karibu na Idete. Mzee wa mgono alikuwa pale pale. Bwana Sefu alipunguza mwendo, nikatoa kichwa nje.

"Shikamoo, jumbe! Ilikuwa bastola!"

"Marahaba," akaitikia. "Na sasa?"

"Sasa ni nguo za mtoto!"

Alitafakari. Kisha akapunga mkono, twende.

Hospitalini walimchukua Melania kwa haraka, mlango ukafungwa. Bibi akabaki nje amekaa juu ya kizingiti cha mlango, mikono mapajani, kwa mara ya kwanza hana kitu cha kutazama. Nilikaa naye. Sikusema neno, nilikuwa nimeshasema mengi. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mashamba, na nilikuwa nimeanza kusinzia nikiwa nimekaa, niliposikia kilio, chembamba, cha hasira, kama mtu anayelalamikia barabara.

"Msichana," muuguzi akasema kutoka mlangoni. "Na mama yake mzima. Nguo ziko wapi?"

Bibi akanitazama. Nikaenda kwenye gari kuzichukua, na nikamkuta sajini amesimama pale, mikono kiunoni, uso umekunjamana. Kasha wazi, kufuli linaning'inia, khanga ndani.

"Bwana Sefu! Bastola iko wapi?"

Bwana Sefu, ambaye alikuwa ameegemea gari kwa uchovu, alifungua koti kidogo.

"Mahali pa pili," akasema.

Sajini alitazama kiuno, akatazama khanga, akasikia kilio kile kutoka ndani. Akanisaidia kuzibeba.

Nyumbani

Nimerudi kwenye kitanda changu. Kamba zake zinanifahamu. Nikifumba macho bado naona ule mwanga unaotembea juu ya khanga, na nikifumbua naona ukuta wangu, na safari hii tofauti ni kubwa kidogo. Bwana Sefu amenipa mapumziko ya kuuguza mkono. Watu wa Mbingu wameshaleta mpunga wao wenyewe mpaka dukani, kwa mitumbwi na vichwani, wakitaka kuona lile kasha. Kila mmoja anachungulia ndani, nami ndiye ninayeitwa kusimama kando kujibu maswali.

Jana jirani yangu Mama Tekla, ambaye mnamjua ulimi wake, alikuja kunikanda mkono kwa maji ya moto. Nikamsimulia yote, kuanzia Idete mpaka kwenye kizingiti cha hospitali. Alisikiliza bila kuacha kukanda. Nilipomaliza alikamua kitambaa, akasema:

"Mkono utapona huo. Mdomo ndio ungefungiwa kwenye kasha, na ufunguo akae nao yule bibi."